Fika Kabla ya Saa Kumi

Mwaka uliopita ulikuwa mwema kwetu sisi tunaosafiri kwa pikipiki kwa kupenda, si kwa kubeba abiria wala mzigo. Barabara ambazo miaka si mingi nyuma zilikuwa vumbi tupu sasa ni lami: Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, Songea hadi Mbamba Bay kupitia Mbinga. Pikipiki ya cc 150, ile ile unayoiona kila kijiwe cha bodaboda, inakufikisha kote huko. Ndiyo maana vijana wengi ambao wamekwisha kuzoea kuendesha mjini wananiuliza: nianzie wapi, nibebe nini, pikipiki gani inafaa? Nitayafikia hayo. Ila kuna jambo moja ambalo hawaliulizi, na kwangu ndilo linalotangulia yote. Safari zilizonikaa moyoni mwaka huo ni zile ambazo, siku baada ya siku, nilikuwa nimeshuka kwenye pikipiki kabla ya saa kumi alasiri.

Jua la kwetu halitoi nyongeza. Mwaka mzima linazama saa kumi na mbili na kitu, au saa moja na kitu ukiwa upande wa magharibi, na likishazama giza haliji polepole. Barabara kuu usiku ni mahali pengine kabisa: lori limeharibika na kuachwa nusu ndani ya lami, alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa chini hatua chache nyuma yake, baiskeli imebeba magunia ya mkaa, haina taa wala kiakisi mwanga, ng'ombe wamelala kwenye lami kwa sababu bado ina joto la mchana. Taa ya pikipiki ndogo inakuonyesha shimo ukiwa umeshaingia. Basi likija mbele yako na taa kali, kwa sekunde kadhaa huoni kitu chochote, na pikipiki inaendelea kwenda.

Usalama peke yake ungetosha kuwa sababu, lakini kuna nyingine. Ukifika saa tisa, fundi bado yuko kazini na duka la spea bado liko wazi. Gesti unachagua mwenyewe, unakagua chumba, unauliza pikipiki italala wapi. Una muda wa kuoga, kukaza mnyororo, kula kabla chakula cha mama ntilie hakijaisha, kisha kutembea kwa miguu mahali ulipofika. Anayefika saa mbili usiku anajua barabara tu. Mji wenyewe hajauona, na alfajiri anauacha.

Hesabu ya kufika mapema ni rahisi. Pikipiki ya cc 150 barabara ikiwa tupu inakwenda kilomita 60 au 70 kwa saa bila kulalamika. Weka humo vijiji vyenye kibao cha 50, matuta, rasta, trafiki mwenye tochi, chai, haja ndogo, na foleni ya malori: wastani wako wa kweli unashuka hadi 40 hivi. Ukianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukapumzika vizuri, ukamaliza saa tisa, umeendesha kama saa sita. Hiyo ni kilomita 200 hadi 250 za lami. Barabara ya vumbi, kata kwa nusu. Wakati wa mvua, kata tena. Rafiki akikwambia yeye hupiga kilomita 600 kwa siku, msikilize kwa heshima, lakini usipange safari yako kwa kipimo chake. Mikono hufa ganzi, macho huchoka kabla mwenye macho hajajua, na ni rahisi kupata ajali saa zile za alasiri ambapo mtu anajisemea "pamebaki padogo tu".

Chukua mfano wa Dar es Salaam hadi Iringa, safari ya karibu kilomita 500. Mabasi huimaliza kwa siku moja, kwa hiyo watu wengi hudhani na pikipiki iwe hivyo. Ikate. Siku ya kwanza ishia Morogoro, kilomita 190 hivi, na utoke Dar mapema mno, maana kipande cha Kimara hadi Chalinze kikishajaa malori kinakula nguvu zote ulizolala nazo. Siku ya pili ipangie Mikumi na ulale hapo au mbele kidogo. Siku ya tatu panda Kitonga ukiwa na akili safi.

Mikumi pana sheria zake. Barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita kama 50, na wewe uko wazi, huna bati la kukukinga. Fuata vibao vya mwendo, usisimame kupiga picha ovyo, na usishuke. Ukiona tembo karibu na lami simama mbali, usipige honi, usiunguruze injini. Subiri gari kubwa lije, nawe upite pamoja nalo kwa upande wake wa pili likiwa kati yako na mnyama. Nyati mmoja aliye peke yake namwogopa kuliko kundi zima. Na nyani wasikuchekeshe hata ukasimama: begi lililofungwa kwa mipira wanalifungua.

Baada ya Mikumi mandhari inabadilika, unaingia bonde la Ruaha lenye mibuyu pande zote mbili, joto kali, na pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa kando ya barabara kwa mafungu na magunia. Kunywa maji hapo hata kama huna kiu. Mbele yako ni mlima Kitonga. Malori yanayokwenda Zambia na Congo yanapanda kwa gia ya chini kabisa, moja nyuma ya jingine, moshi wa dizeli unakuingia hadi ndani ya kofia ngumu, na yale yanayoshuka yanakuja na harufu ya breki zilizoungua. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Hapo tamaa ya kupita lori kwenye kona ndiyo inayoua. Kaa nyuma kwa umbali wa kutosha hata dereva akuone kwenye kioo chake, gia ya pili au ya tatu, na usubiri panaponyooka ukaona mbele hadi mwisho. Wakati wa kushuka, siku ya kurudi, usiishike breki ya nyuma mlima mzima. Iache injini ikushikilie kwa gia ile ile ambayo ungepandia, breki uziguse na kuziachia. Breki ya ngoma ya pikipiki ndogo ikipata moto inaacha kushika, na haikupi taarifa.

Ukimaliza Kitonga, usikimbilie mjini. Lugalo iko njiani, ambapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliwavamia Wajerumani na kamanda wao Zelewski akauawa. Mnara uko karibu na barabara kuu. Siku inayofuata nenda Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini, uone jumba la makumbusho lenye fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mchana uende Isimila, kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, kwenye zana za mawe za watu wa kale na nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko. Hayo yote hayawezekani kwa anayefika Iringa usiku akiwa na ratiba ya kuamkia Mbeya.

Kwa anayeanza kabisa, mimi simpeleki Iringa. Nampeleka Lushoto. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu za lami nyembamba yenye kona, unapita Soni penye maporomoko, na unapanda kutoka kwenye joto la mkonge hadi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni shule nzuri. Utajifunza kutazama mwisho wa kona, si tairi la mbele. Utajifunza kupiga honi kabla ya kona kipofu. Na utaisikia pikipiki ikipungukiwa nguvu. Usihangaike. Hewa ya juu ni nyepesi, kabureta inaendelea kutoa petroli ile ile ya pwani, mchanganyiko unakuwa mzito, injini inakohoa kidogo. Punguza gia mapema, chujio la hewa liwe safi, na usimruhusu fundi wa barabarani achokonoe kabureta kwa sababu utashuka tena kesho. Ukiwa Lushoto, lala siku mbili. Siku ya katikati nenda Irente ukaone tambarare ya Mombo iko chini ya miguu yako, au fuata barabara ya Mtae hadi ukingoni mwa milima, lakini hiyo ya Mtae iulizie kwanza kama imenyeshewa. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unajaza nafasi kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka.

Kondoa ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Kutoka Dodoma ni lami safi, watu wachache, anga kubwa. Barabara hii ni sehemu ya ile njia ya kale ya Cape hadi Cairo, na kwa miaka mingi kipande hiki kilikuwa maarufu kwa ubovu. Lala Kondoa mjini, asubuhi nenda Kolo, kilomita 20 na kitu kuelekea Babati, uende kwenye ofisi ya mambo ya kale upewe mwongozaji wa kukupeleka kwenye michoro ya kale ya miambani. Usiende mwenyewe. Michoro iko kwenye vilima, njia ya kufikia chini ya miamba ni mbaya, na sehemu ya mwisho ni kupanda kwa miguu. Ukifika, simama dakika chache macho yazoee kivuli: watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, vichwa vimechorwa kama vina manyoya au nywele zilizotimka, mnyama nyuma yao, na mistari ambayo hujui kama ni mvua au ua. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi ya kuinakili michoro hii mwaka 1951, na mwaka 2006 eneo likaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Usiguse mwamba, usimwagie maji ili rangi iwake kwenye picha. Mafuta ya kidole na maji ndivyo vinavyoifuta.

Sasa kuhusu hali ya hewa, kwa sababu watu hujiandaa kwa mvua wakasahau baridi na upepo. Pwani na kaskazini masika ni Machi hadi Mei na vuli ni Oktoba hadi Desemba. Ukanda wa kati na kusini una msimu mmoja mrefu, kati ya Novemba au Desemba na Aprili. Juni hadi Agosti ni kavu karibu kila mahali, ndiyo miezi ya safari, lakini Mufindi, Njombe na Makete hupigwa na baridi ya kipupwe ambayo mtu wa Tanga haijui. Ukiwa kwenye pikipiki inazidi, maana upepo unakutoboa. Vidole vikishakufa ganzi huwezi kushika breki vizuri. Glavu, sweta, na gazeti au nailoni kifuani ndani ya koti vinasaidia kuliko jaketi moja la bei kubwa.

Upepo wa pembeni utaujua Makambako, Singida, na kipande cha Same hadi Mwanga chini ya milima ya Upare. Usijikaze. Mabega yakiwa magumu kila dharuba inahamia kwenye usukani. Inama kidogo, bana tenki kwa magoti, mikono iwe laini, na uiache pikipiki iegemee upande upepo unakotoka. Ukiwa unapita lori, kumbuka lori linakukinga. Ukimaliza kulipita upepo unakurudia ghafla kama mlango uliofunguliwa kwa teke, kwa hiyo usiwe ukingoni mwa lami wakati huo. Na basi linalokuja mbele yako kwa kasi linasukuma hewa; sogea kushoto mapema, usisubiri likufikie.

Mvua ikianza, dakika zile za kwanza ndizo mbaya zaidi, lami inapotema oili na vumbi lake lote. Simama, vaa koti la mvua, kunywa chai, iache barabara ioshwe. Aliyepanga kufika saa tisa ana nafasi ya kufanya hivyo. Aliyepanga kufika saa kumi na mbili hana.

Vya kubeba ni vichache. Mpira wa ndani wa tairi la mbele na wa nyuma, hata kama unajua kuziba pancha, kwa sababu valvu ikichanika hakuna gundi ya kuiokoa. Spana za ekseli za pikipiki yako hasa, si za kuazima. Plagi, waya wa klachi, waya wa mafuta, loki ya cheni, balbu, fyuzi, pampu ya mkono. Waya wa klachi ufunge sambamba na ule ulio kazini, ncha zake zimezibwa na plastiki. Ukikatika wa kwanza unahamisha tu. Jioni, cheni ikiwa bado ya moto, ipake oili na uitazame: ikicheza kati ya sentimita mbili na tatu katikati inatosha. Ikibana kupita kiasi inakula beringi na sproketi, na mara nyingi anayeikaza hivyo ni fundi mwenye haraka huku mwenye pikipiki anakunywa soda. Simama naye.

Mzigo uwe chini na mbele, si mnara nyuma ya kiti. Ncha za mipira ya kufungia zikunje na kuzibana, maana ikining'inia moja tu ikaingia kwenye cheni umeanguka. Na ukimpakia mama au dada, kanga, baibui au mtandio vifungwe na kukaliwa kabla hujatia gia. Nguo ikiingia kwenye spoksi humvuta mtu chini kwa sekunde moja. Kofia ngumu ni mbili, ya kwako na ya abiria, na hiyo ni sheria.

Mafuta: tenki la pikipiki nyingi za cc 150 ni lita 10 hivi, linakupeleka kilomita 350 na zaidi kwa mwendo wa kiasi. Hata hivyo jaza likifika nusu kila unapoona sheli yenye watu. Ya chupa kando ya njia yanunue ukilazimika, uyachuje kwa kitambaa.

Ukivuka mpaka, beba kadi ya pikipiki yenye jina lako au barua ya mwenye nayo, leseni yenye daraja la pikipiki, na bima inayotambulika upande wa pili. Kenya na Uganda wanaendesha kushoto kama sisi. Rwanda, Burundi na Congo ni kulia, na hatari haiko pale mpakani ambapo uko macho. Iko kesho yake asubuhi, ukitoka gesti au sheli kwenye barabara tupu, mazoea yakakurudisha kushoto. Uliye na mwenzako nyuma, mpe kazi hiyo ya kukukumbusha. Na saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, maana yake giza kwenye saa ya huko linaingia mapema kuliko ulivyozoea kusoma.

Mkiwa kundi, mwenye pikipiki ndogo au uzoefu mdogo awe wa pili, si wa mwisho. Wa mwisho awe fundi wenu, mwenye spana. Kubalianeni mahali pa kukutana, mji kwa mji, kisha kila mtu aende mwendo wake. Anayelazimika kumfukuzia mwenzake haoni barabara, anaona taa nyekundu tu.

Njia usiyoijua ulizia kwa wenyeji, na uulize vizuri. Zima pikipiki. Vua kofia, vua na miwani, watu wakuone uso. Mkubwa mwamkie shikamoo kabla ya swali. Halafu usiulize kilomita. Uliza: "Mzee, nikiondoka hapa sasa hivi nitafika saa ngapi?" na "Mara ya mwisho mvua imenyesha lini huko?" Uliza watu wawili tofauti, na wa pili awe bodaboda, kwa sababu yeye anaijua njia kwa magurudumu kama yako. Akikwambia "leo usiende", usiende. Nimelala Mbinga usiku ambao sikuupanga kwa neno kama hilo, na kesho yake nikashuka Mbamba Bay jua likiwa juu ya Ziwa Nyasa, kona zote kavu, nikiwa na mchana mzima wa kuogelea.

Kwa anayetaka safari ya mwaka ujao, nampendekezea Kitulo, mita 2,600 juu, maua yakiwa yamechanua kati ya Desemba na Aprili. Ugumu ni kwamba miezi ya maua ndiyo miezi ya mvua. Njia ya kupandia kutoka Chimala kwenda Matamba ni ya vumbi na ina zile kona zinazoitwa Hamsini na Saba. Fika Chimala mchana, lala. Asubuhi nenda stendi uulize madereva wanaoshuka kutoka Matamba hali ya njia ikoje, na upunguze upepo kidogo kwenye matairi kabla ya kupanda. Ukifika Matamba, ulizia ofisi ya hifadhi utaratibu wa kuingia kwa miguu na mwongozaji, uiache pikipiki hapo. Kama madereva wamesema njia imeteleza, baki Chimala siku ya pili. Hiyo siku ya pili iweke kwenye bajeti tangu nyumbani.